Barua ya utoro na Ibara ya 11: kisa cha kaya moja pwani ya Tanga

Barua ilikuwa ya nusu ukurasa, imegongwa muhuri wa ofisi ya mtendaji wa kata. Ilimtaka bibi wa miaka 71 afike ofisini Jumatano saa tatu asubuhi aeleze kwa nini mwanafunzi anayeishi kwake haonekani shuleni. Mstari wa mwisho ulimwonya kwamba asipofika atachukuliwa hatua za kisheria. Bibi amesoma chuoni tangu utotoni na msahafu anaujua, lakini herufi za Kizungu hakufundishwa, kwa hiyo barua alisomewa na jirani. Jirani huyo ndiye aliyemleta kwangu.

Mimi ni msaidizi wa kisheria, kazi inayotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Wengi wanaokuja kwetu wana ugomvi wa mashamba, mirathi au matunzo ya watoto. Kisa hiki kilikuja kama jambo dogo la utoro, na nimeona kinafaa kuandikwa chote kwa sababu kinaonyesha kwa karibu jinsi ahadi za Katiba kuhusu elimu na ustawi zinavyosafiri kutoka Dodoma mpaka kwenye ukumbi wa nyumba ya makuti. Bibi ameridhia niandike. Majina ya watu, mtaa na shule sitayataja.

Kaya ilivyo

Nyumba iko kusini mwa Jiji la Tanga, upande wa Barabara ya Pangani. Wanaishi watatu. Bibi mwenyewe; mjukuu wa kike wa miaka 12, darasa la sita; na mjukuu wa kiume wa miaka 8 mwenye mtindio wa ubongo. Mama wa watoto yuko Dar es Salaam, anafanya kazi za ndani, na hutuma chochote anapopata. Baba hajulikani alipo.

Bibi anasuka ukili. Miyaa, yaani majani ya kusukia, hununua ikiwa imekwisha kukaushwa, huichana nyembamba, nyingine akaichovya rangi, kisha akasuka utepe mrefu wa kushonea mkeka. Tangu mtoto wa jicho amzidie, husuka kwa kupapasa. Ukili mweupe anaumudu bado. Wa rangi hauwezi tena, kwa kuwa ule unataka jicho la kuona rangi gani inapita juu na ipi inapita chini, na ndio wenye bei. Mapato yake yamepungua kwa kiasi hicho hicho cha nuru iliyompotea.

Yule kijana wa miaka 8 hawezi kukaa bila kushikiliwa. Hulishwa kwa kijiko, polepole, kichwa kimeinuliwa, la sivyo hupaliwa. Hugeuzwa mara kwa mara asipate vidonda. Yote hayo bibi aliyafanya peke yake kwa miaka, mjukuu wa kike akisaidia jioni. Kisha siku moja asubuhi bibi alimimina uji ukamwangukia mtoto pajani badala ya kuingia kwenye bakuli. Haukuwa wa moto sana, lakini alama imebaki. Msichana alirudi kutoka shuleni siku hiyo akaikuta ile alama, na hakuna aliyemwamuru lolote. Kuanzia hapo akawa anakosa siku mojamoja, baadaye wiki nzima, mpaka mwalimu wa darasa akaacha kumtarajia.

Nilimuuliza bibi kama barua ameielewa.

“Nimeielewa, mwanangu. Wanataka nende Jumatano. Mie sina ugomvi na shule. Mtoto mwenyewe kanambia, bibi, nikienda mimi nani atamlisha huyu?”

Barua ilisimama juu ya sheria gani

Niseme wazi kwamba kisheria barua ile haikuwa na kasoro. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Elimu ya 1978 kinamtaka kila mtoto aliyetimiza umri wa kwenda shule, miaka saba, aandikishwe, na kinambebesha mzazi au mlezi wajibu wa kuhakikisha anahudhuria mpaka amalize elimu ya msingi. Mwalimu mkuu ana kazi ya kuripoti utoro. Mtendaji ana kazi ya kufuatilia. Wote wawili walifanya kazi yao, na ninawaheshimu kwa hilo: ziko kata ambako mtoto wa kike akipotea darasani hakuna anayeuliza mpaka umsikie keshaolewa.

Lakini katika nyumba ile ile kulikuwa na mtoto mwingine wa umri wa shule ambaye hajawahi kuandikishwa popote. Kifungu cha 35 hakikumtoa mtoto mwenye ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 ndiyo kabisa: inasema wana haki ya elimu sawa na wenzao, katika ngazi zote, tena kwa kusaidiwa kadiri ya mahitaji yao. Hata hivyo, kwa mwaka mzima tangu atimize miaka saba, hakuna barua iliyokuja kumuulizia. Dada yake alitafutwa kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye daftari la mahudhurio. Yeye hakuwa na daftari, basi hakuwa na utoro. Hapa nadhani ndipo kisa kinapoanza kuwa kikubwa kuliko barua yenyewe.

Sentensi moja ndani ya Ibara ya 11

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya 1977 ina Sehemu ya Pili katika Sura ya Kwanza inayoeleza malengo muhimu na misingi ya mwelekeo wa shughuli za Serikali. Iliingizwa kwa marekebisho ya 1984, yale yale yaliyoleta haki za binadamu ndani ya Katiba. Ibara ya 8 inasema lengo kuu la Serikali ni ustawi wa wananchi. Ibara ya 9 inataka utajiri wa Taifa uelekezwe hasa katika kuondoa umaskini, ujinga na maradhi. Ni maadui wale wale watatu tuliowasikia tangu siku za uhuru.

Halafu ibara ya 11. Ibara ndogo ya kwanza inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kufanikisha haki ya mtu kufanya kazi, haki ya kujipatia elimu, na haki ya kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi, ulemavu na hali nyingine za kutojiweza. Yote hayo yamo katika sentensi moja. Baada yake ndipo inapoongezwa kwamba kila mtu aishi kwa jasho lake. Ibara ndogo ya tatu inaitaka Serikali ifanye jitihada watu wote wapate fursa sawa na za kutosha za elimu na mafunzo ya ufundi.

Isome sentensi hiyo ukiwa umekaa ukumbini kwa bibi huyu. Uzee upo. Maradhi yapo, machoni. Ulemavu upo. Mtoto anayetakiwa shuleni yupo. Kazi ipo pia, ukili, na jasho analitoa kila siku. Walioandika ibara ile waliviweka vitu hivi pamoja, na waliona mbali, maana kwa kaya maskini haviachani. Msichana huyu alitolewa darasani na mtoto wa jicho wa bibi yake na kukosekana kwa mtu wa kumshika mdogo wake. Haikuwa karo, karo haipo. Haikuwa uvivu, mwalimu wake mwenyewe alisema ni mwepesi wa hesabu kuliko wenzake.

Serikalini sentensi hiyo moja imegawanywa. Walimu wa shule za msingi wako chini ya TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa; sera na mitaala iko Wizara ya Elimu. Maofisa ustawi wa jamii wana wizara yao kwa upande wa sera, ingawa wanakaa halmashauri. TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii unaotoa ruzuku kwa kaya maskini, iko Ofisi ya Rais. Masuala ya wenye ulemavu yamekuwa yakiratibiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu. Kila mlango una kazi yake halali, na mgawanyo wa kazi si dhambi. Lakini bibi hakuwa na tatizo la elimu, na la afya, na la ulemavu, na la kipato. Alikuwa na tatizo moja, na kila ofisi ingeliona kwa robo.

Wajibu unaoshitakika na wajibu usioshitakika

Sasa kuna ibara ya 7, na hii wananchi wengi hawaijui. Ibara ndogo ya pili inasema masharti ya sehemu hiyo ya Katiba hayatiliwi nguvu ya kisheria na mahakama yoyote. Maana yake bibi hawezi kwenda Mahakama Kuu akasema: Serikali imeshindwa kuweka utaratibu wa kunisaidia katika uzee wangu, naomba amri. Shauri lingetupwa mlangoni.

Weka hilo kando ya barua. Wajibu wa bibi kwa Serikali, yaani kumpeleka mjukuu shule, unaweza kumfikisha mahakamani. Wajibu wa Serikali kwa bibi, ulioandikwa katika Katiba yenyewe, hauwezi kuifikisha Serikali popote. Wa kwanza una kifungu, adhabu na mtendaji wa kuufuatilia. Wa pili una maneno mazuri. Nilipolifikiria hili usiku ule sikupata usingizi mzuri, kwa sababu si kosa la mtu mmoja mwenye roho mbaya. Ndivyo nguvu zilivyopangwa: mkono wa kulazimisha ni mrefu na mkono wa kusaidia ni mfupi, na katika kaya hii ule mrefu ndio uliofika kwanza.

Wako wanasheria watakaokuambia kwamba kwa sababu hiyo ibara ya 11 ni pambo. Siafikiani nao. Ibara ya 7 ina sehemu mbili, na watu husoma ya pili wakasahau ya kwanza. Ya kwanza inasema Serikali, vyombo vyake vyote, na kila mtu au mamlaka yenye madaraka ya utawala wana jukumu na wajibu wa kuzingatia, kutia maanani na kutekeleza masharti ya sehemu hiyo. Mtendaji wa kata ana madaraka ya utawala. Mwalimu mkuu anayo kwa kiasi chake. Hakuna mahali ambapo Katiba imemwambia mtendaji asubiri amri ya jaji ndipo aikumbuke ibara ya 11. Imemfunga yeye moja kwa moja, pale kwenye meza yake, anapochagua aandike barua ya namna gani.

Tena ibara hiyo haikukaa bure miaka yote. Imezaa sheria, na sheria hizo zinashitakika. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 94, inazipa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa watoto katika maeneo yao. Sheria ya 2010 ya wenye ulemavu nimeitaja. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilitambua matibabu bila malipo kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na ndiyo msingi wa vile vitambulisho vya matibabu vinavyotolewa na halmashauri. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 nayo imeweka mfuko wa kuwagharamia wasiojiweza. Kwa hiyo, ushauri wangu kwa msaidizi wa kisheria mwenzangu: usiende ofisini na ibara ya 11 peke yake ukaipepea. Nenda nayo ikiwa imeshika mkono wa kifungu kilichotokana nayo.

Tuone pia upande wa hatari. Ibara isiyoshitakika huongozwa na anayeisoma. Tangu 1984 maneno ya ibara ya 11 hayajabadilika kwa kiasi cha kuligusa suala la ada, lakini miaka ya 1980 na 1990 wazazi walichangia elimu ya msingi. 2001 karo ikafutwa. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ukaondoa ada mpaka kidato cha nne kuanzia Januari 2016. 2022 ikasogea mpaka kidato cha sita. Juni 2017, akiwa ziarani huku huku pwani, wilayani Bagamoyo, Rais John Magufuli alitangaza kwamba msichana aliyepata mimba harudi shule ya Serikali. Novemba 2021 Serikali ikatangaza kwamba anarudi. Ibara ni ile ile, na fursa sawa ni zile zile zilizoandikwa, lakini kwa miaka minne wasichana wa nchi nzima walifungiwa mlango na kisha wakafunguliwa kwa tamko na waraka.

Bila malipo, lakini si bila gharama

Msomaji anaweza kuuliza: kama elimu ni bure, na TASAF ipo, bibi alikwama wapi?

Shule ya msingi hupewa ruzuku ya uendeshaji iliyokokotolewa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, utaratibu umekuwa kwamba 4,000 hubaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu na 6,000 hufika shuleni. Hiyo ni shilingi 500 kwa mwezi kwa mtoto: chaki, karatasi za mitihani, ukarabati mdogo, michezo, utawala. Mwalimu mkuu mwenye fungu hilo hana senti ya kumlipa mtu akamwangalie mdogo wa mwanafunzi nyumbani, na hakuna anayetarajia afanye hivyo. Waraka Na. 3 wa 2016 nao umeweka wazi kwamba sare, madaftari na chakula cha mwanafunzi wa kutwa ni juu ya mzazi. Mambo hayo bibi aliyabeba. Sare ya msichana ilikuwa na kiraka kilichoshonwa vizuri.

TASAF bibi yumo, katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Mpango huu ulipoanza, 2012, ulijengwa juu ya wazo kwamba kaya ipewe ruzuku ya msingi, na juu yake nyongeza kwa masharti ya elimu na afya. Viwango vya awamu ile ya kwanza vilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi kwa kaya, na 2,000 kwa kila mtoto wa shule ya msingi, kwa sharti la mahudhurio ya asilimia 80. Wazo si baya. Limewapeleka watoto wengi shuleni. Lakini sharti halijui sababu. Mtoto akikosa shule kwa ajili ya kuvua dagaa, hukatwa. Akikosa kwa sababu anamlisha mdogo wake asiyeweza kushika kijiko, hukatwa vilevile. Kaya ya bibi ilikuwa imekwisha kukatwa kabla barua haijafika. Utoro ule ule ulimpunguzia fedha kwa ofisi moja na ukamletea wito kwa ofisi nyingine, na hakuna ofisi kati ya hizo iliyokuwa imetia mguu nyumbani kwake.

Jumatano

Tulikwenda wanne: bibi, jirani yake, mwenyekiti wa mtaa na mimi. Msichana alibaki na mdogo wake. Nilimuomba mwenyekiti aje kwa sababu yeye anaijua nyumba, na ofisi humsikiliza zaidi kiongozi wa wananchi kuliko mtu wa sheria aliyeshika makaratasi.

Mtendaji alitupokea vizuri. Ni kijana, alimwamkia bibi shikamoo kabla ya kukaa, na hilo lilipunguza joto. Akaanza kusoma taarifa ya shule. Bibi akamkatiza kwa upole.

“Mwanangu, yote uliyosoma kweli. Haji shule. Sasa na mie nikuulize: huyu mdogo wake mbona hamjamwita?”

Chumba kikanyamaza kidogo. Mtendaji akauliza mdogo gani. Ndipo mwenyekiti akaeleza, na mazungumzo yakageuka. Sikuhitaji kutaja ibara ya 7 hapo. Niliitaja baadaye, wakati wa kuandika muhtasari, ili kibaki kitu kwenye faili. Nilichofanya ni kuomba kwamba kikao kile kisiishe kama shauri la utoro. Kiishe kama taarifa ya mtoto na mzee wanaohitaji msaada chini ya Sheria ya Mtoto na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, na nakala iende kwa ofisa ustawi wa jamii.

Mtendaji alisita. Alisema, na ninamwelewa, kwamba yeye hupimwa kwa watoro wangapi wamerudishwa. Hakuna anayempima kwa kaya ngapi zimefikiwa. Hoja hiyo ni nzito kuliko inavyosikika. Tukitaka Katiba iongoze kazi ya kata, lazima iingie kwenye kile ambacho ofisa wa kata anaulizwa na wakubwa wake mwisho wa mwezi.

Alikubali hatimaye. Wito wa kisheria ukaondolewa. Mwalimu mkuu alipoletewa habari akashauri msichana arudi mara moja kwa vipindi vya asubuhi, wakati jirani na mama mmoja wa mtaa wakipokezana kukaa na mdogo wake, mpaka mpango wa kudumu upatikane. Bibi akaanza kufuatilia kitambulisho cha matibabu ya wazee ili aonwe macho hospitali ya mkoa.

Kwa nini hatukwenda mahakamani

Wenzangu wawili walinishauri tutafute njia ya kikatiba. Ipo njia moja ya kuifikiria, nayo si ibara ya 11. Ni ibara ya 13, usawa mbele ya sheria, ambayo iko katika haki zinazoweza kufikishwa Mahakama Kuu kwa ibara ya 30. Njia hii ilifanya kazi katika shauri la Rebeca Gyumi dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Julai 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vilivyoruhusu msichana aolewe chini ya miaka 18, vinakwenda kinyume na Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikashikilia hivyo. Msichana kubaki shuleni ni elimu, lakini mlango uliotumika ulikuwa wa usawa.

Kwa kijana wetu mlango huo ni mwembamba zaidi. Ibara ya 13 inapoeleza ubaguzi hutaja kabila, dini, jinsia, hali ya maisha na mengine, lakini ulemavu haukutajwa kwa jina. Ungeweza kujenga hoja kwenye hali ya maisha, na mimi naamini ingesimama. Marekebisho ya sheria ya 2020 yalimtaka anayefungua shauri la haki za msingi aonyeshe kwamba yeye mwenyewe ameathirika, kwa hiyo asiye mwanakaya asingeweza kuwabebea shauri. Angelazimika kusimama bibi. Miaka ambayo shauri kama hilo huchukua ni miaka ambayo darasa la sita lingekwisha kumpita mjukuu wake. Tuliamua kwamba haki yake iko karibu zaidi ofisi ya kata kuliko Mahakama Kuu.

Ukivuka mpaka Horohoro ukaingia Lunga Lunga, Kenya, mambo yameandikwa tofauti. Katiba ya Kenya ya 2010 imeweka elimu na hifadhi ya jamii ndani ya ibara ya 43, katika haki ambazo mahakama inaweza kuzisimamia, na ibara ya 53 inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Serikali ikidai haina uwezo, ibara ya 20 inaitaka yenyewe ithibitishe. Hilo halikuwamaliza maskini wa Kwale, lakini linampa bibi wa upande ule swali ambalo Serikali yake inalazimika kulijibu. Kwetu, Katiba Inayopendekezwa ya 2014 iliipeleka haki ya elimu kwenye sura ya haki za binadamu. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 iliahirishwa, na mpaka leo haijafanyika. Mimi ni katika wanaotaka mjadala huo urudi, na likirudi suala la ibara ya 7 lisiachiwe wanasheria peke yao.

Kisa kilipofikia

Msichana yuko darasani. Amekosa mengi na anafundishwa jioni na mwanafunzi wa sekondari wa jirani. TASAF wamepokea maelezo ya kaya kuhusu ulemavu wa kijana na sababu ya utoro. Uamuzi juu ya fedha iliyokatwa bado tunaufuatilia. Bibi ameonwa macho na kupangiwa upasuaji wa jicho la kulia kwanza.

Aliyebaki nyuma ni yule aliyekuwa nyuma tangu mwanzo. Kijana amefanyiwa upimaji wa mahitaji yake na kuelekezwa kwenye shule yenye kitengo cha elimu maalumu. Kitengo kipo na mwalimu yupo. Kutoka nyumbani hadi huko ni mwendo wa bajaji, kwenda na kurudi kila siku ya shule, na hakuna fungu la halmashauri, la shule wala la TASAF lenye jina hilo. Kiti cha magurudumu kimeombwa. Jina lake sasa limo kwenye daftari, na nimemwambia mtendaji waziwazi kwamba akikosa shule kwa kukosa nauli, barua ya utoro tutaipeleka halmashauri sisi.

Kwenye kamati ya maendeleo ya kata tumepeleka pendekezo moja dogo. Fomu ya utoro inayotoka shuleni iwe na nafasi tatu za kujazwa kabla haijafika kwa mtendaji: nani mwingine anaishi katika nyumba hiyo, yupo mzee, mgonjwa au mtu mwenye ulemavu anayetegemea uangalizi wa mwanafunzi, na yupo mtoto mwingine wa umri wa shule ambaye hajaandikishwa. Ikijibiwa ndiyo popote, karatasi ianzie kwa ofisa ustawi wa jamii. Mwalimu mkuu ameiunga mkono, mtendaji amesema ataijaribu muhula ujao kwa mitaa miwili, na mwenyekiti wa mtaa wa bibi ameomba mtaa wake uwe mmojawapo.